Prizi ikilegea, usingoje kuran iende ndipo uifungue

Juma lililopita nilikuwa Kasenga, nyumbani kwa mama mmoja anayepokea wahami. Nyumba ina vyumba vitatu, na wanalala humo watu kumi na wanne: watoto wake, familia ya dada yake iliyotoka Luvungi, na familia nyingine iliyotelemka kutoka Rurambo ambayo hawakujuana nayo kabla ya vita. Prizi inayofanya kazi ni moja. Imening'inia ukutani kwa waya zake kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na ili fishi ya chaji isianguke, wameishindilia kwa kipande cha kandambili.

Nikamuuliza mama nani alitengeneza hivyo.

"Ni kijana wangu," akasema. "Anangojaga kuran iende, ndiyo anaigusa. Si mjinga."

Ndugu msikilizaji, jibu hilo ndilo limenikalisha chini niandike. Nimelisikia Mulongwe, nimelisikia Kavimvira, nimelisikia hata kwa watu waliosoma kuliko mimi. Sisi wa Uvira tumelelewa na wazo hilo: umeme ukiwepo usiguse, umeme ukikatika unaweza kufanya kazi yako kwa utulivu. Mimi nasema siku ya umeme kukatika ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kufungua prizi. Najua wengine watashangaa. Mnipe nafasi nieleze.

Umeme ukikatika haujazimwa nyumbani kwako. Umezimwa mbali, na mtu asiyekujua. Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, kule juu upande wa Bukavu, na unasafiri kwenye nguzo hadi huku chini ziwani. Njiani kuna upepo, mvua, miti, delestaji, na siku hizi vita. Unaweza kukosekana siku tatu, unaweza kukosekana dakika tatu. Mtu anayeurudisha hawezi kujua kwamba wewe, katika avenii yenu, una vidole ndani ya ukuta.

Mimi lilinipata. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa mjomba, na prizi ya saluni ilikuwa inacheza. Umeme ulikuwa umekwenda tangu asubuhi. Nikapanda kwenye kigoda na kisu cha jikoni, nikafungua skrubu, nikashika waya ili niukaze. Kuran ikarudi. Mkono ulijikunja wenyewe, sikuweza kuuachia. Watoto wa parseli nzima walipiga kelele kama kawaida, "Kuran imerudi! Kuran imerudi!", na ndiyo maana hakuna aliyesikia kelele yangu. Kilichoniokoa ni kigoda. Kilipinduka, uzito wa mwili ukaning'oa pale. Hadi leo kidole cha shahada cha mkono wa kuume hakikunjiki vizuri, na wanaofanya kazi nami redioni wanajua nachapa kwenye kompyuta kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa hiyo nikisikia "si mjinga", nacheka kidogo. Mimi pia sikuwa mjinga.

Kuna sababu ya pili ambayo watu wengi hawaifikirii. Umeme ukiwa haupo, testeri yako haiwezi kukuambia lolote. Ile turnavisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, ambayo kila duka la vifaa pale mjini linauza, inawaka ikigusa waya wenye umeme. Wakati wa delestaji haitawaka popote, hata kwenye waya utakaokuua dakika tano baadaye. Huwezi kujua kama umezima waya sahihi au hukuzima kitu. Tena kuna jirani mwenye jenereta. Katika parseli zetu waya hupita kutoka nyumba hii hadi ile, wengine wamezifunga usiku, wengine hawakumbuki nani alizifunga. Jirani akiwasha jenereta yake bila kutenganisha waya za mtaa, umeme wake unaweza kuja hadi kwako wakati mji wote uko gizani.

Basi utaratibu ni huu, na ninaurudia kwa wale waliousikia kwenye kipindi. Fanya kazi hiyo mchana, siku ambayo umeme upo. Chukua testeri, igusishe kwanza kwenye prizi unayojua ina umeme, uone kitaa kinawaka. Sasa umejua testeri ni nzima. Kisha nenda kazime dijonkteri, yaani kile kizimio kilicho karibu na kontere, au toa fizibo na uziweke mfukoni mwako. Mfukoni, si juu ya meza. Weka mtu mzima asimame pale, umwambie asiruhusu mtu yeyote kuirudisha, kwa sababu katika nyumba yenye watu kumi na wanne, lazima atatokea mmoja atakayesema "loo, dijonkteri imeanguka" na kuiinua kwa nia njema. Ndipo urudi kwenye prizi mbovu na kupima matundu yote mawili, siyo moja. Katika nyumba za zamani fundi aliweka fizibo kwenye waya mmoja tu, na mara nyingine aliuweka kwenye waya usio sahihi, hivyo unazima na umeme bado uko pale ndani. Ukiisha kufungua kifuniko, pima tena kwenye skrubu zenyewe, maana prizi iliyolegea inaweza kudanganya tunduni na kusema kweli skrubuni. Ukipata nafasi, rudi kwa jirani uhakikishe testeri bado inawaka kwake.

Kitaa kikiwaka hata kidogo baada ya kuzima, funga, ondoka, tafuta fundi. Hapo hakuna ushujaa.

Na wale ambao hawana dijonkteri yao? Wako wengi, najua. Wanavuta waya mmoja kutoka kwa jirani, unapita juu ya bati au chini ya mlango. Kwao hakuna njia ya katikati: waya utolewe kule unakotoka, kwa jirani, mbele ya macho yako, na jirani akae nao mkononi hadi umalize. Kama jirani hayupo, kazi haifanyiki siku hiyo.

Labda utauliza kwa nini haraka yote hii, prizi imecheza miaka miwili na bado inachaji simu. Hapo naomba tufanye hesabu kidogo, ya darasa la sekondari tu.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 220. Resho ya wati 2000 inavuta ampere 9 hivi. Kama ndani ya prizi chuma kimelegea, fishi haishikwi vizuri, basi umeme unapita kwa shida mahali padogo kama punje ya mchele. Chukua kizuizi kidogo sana, nusu ya omu. Ampere 9 zikipita hapo zinatoa joto la wati 40. Kumbuka zile ampule za zamani za wati 40: hukuweza kuzishika kwa mkono zikiwaka. Joto hilo liko ndani ya plastiki, ndani ya ukuta, nyuma ya pazia, saa nzima maharage yanapoiva. Na resho inaendelea kufanya kazi vizuri, hutaona tofauti.

Dijonkteri nayo haitakuokoa hapo. Hiyo imewekwa iangalie kama umeme umepita kiasi. Ikiwa ni ya ampere 16, na zinazopita ni 9, kwake mambo ni salama. Prizi inaungua na dijonkteri imetulia. Ndiyo maana baada ya moto watu husema "lakini dijonkteri haikuanguka", kana kwamba ni ushahidi wa uchawi. Wanaoijua Bukavu wanajua jinsi moto unavyokula nyumba za mbao za Kadutu, safu nzima kwa usiku mmoja. Sisi huku tuna matofali mengi zaidi, lakini vyumba vya wahami vimegawanywa kwa mashuka na vibati, na godoro liko chini ya prizi.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha jambo lingine lililonishangaza mwenyewe. Mama yule wa Kasenga aliogopa simu nyingi. Alikuwa amekataza kuchaji zaidi ya simu mbili kwa mara moja, na jioni watu walikuwa wakigombana, kwa sababu simu ndiyo inayoleta habari ya waliobaki Sange na waliovuka kwenda Burundi. Lakini simu kumi pamoja, kila moja na chaji ya wati 10, ni wati 100, haifiki hata nusu ya ampere moja. Kinachochoma ni resho na pasi. Mama alikuwa akizuia simu, na jioni hiyo hiyo anapikia kwenye prizi hiyo. Simu hazina hatia, mradi ralonji ni nzima na haikupita mahali pa maji.

Resho ndiyo inaharibu prizi pia kwa njia ya pili. Fishi yake ina meno mazito, karibu milimita 5. Chaji ya simu ina meno membamba ya milimita 4. Ukiingiza mazito kila siku kwenye prizi ya bei rahisi, chuma cha ndani kinapanuka, halafu kembamba kikija hakishikwi tena. Ndipo tunaanza kushindilia karatasi, njiti ya kiberiti, kandambili. Kwa hiyo kama nyumba ina prizi mbili, moja iwe ya resho na pasi, nyingine iwe ya simu na redio. Halafu kuna vyombo vinavyoshuka bandarini Kalundu kutoka Kigoma, au vilivyorudi na ndugu zetu waliokuwa kambini Nyarugusu. Fishi zake ni za Kitanzania, meno matatu ya bapa. Usizilazimishe kwenye prizi yetu ya matundu mviringo. Nunua adapta iliyo imara, au fundi akate fishi hiyo na kuweka ya hapa.

Sasa kutengeneza kwenyewe. Kulegea kuna aina mbili na watu huzichanganya. Prizi yenyewe inaweza kuwa nzima, ila imetoka ukutani. Hiyo unaweza kuirudisha. Au inashika ukuta vizuri lakini fishi inacheza ndani yake. Hiyo haitengenezwi. Usipinde chuma cha ndani kwa koleo, usiweke skochi, usiweke njiti. Itupe, ununue mpya. Bei ya prizi moja ya kawaida haifiki bei ya kilo ya ndagala kavu, na ndagala tunanunua.

Ile iliyotoka ukutani, baada ya kuzima na kupima kama nilivyosema, ivute polepole uangalie waya. Zikiwa zimeungua, ngozi imekuwa nyeusi au inavunjika kama ganda la karanga, kata hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, umenye sentimita moja hivi, usizidishe. Waya wenye nyuzi nyingi uusokote vizuri kusibaki unywele nje. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa nguvu ya kawaida. Ukitoka mkononi mwako, ungetoka pia siku nyingine peke yake. Waya ukiwa mfupi, usiuvute kama ngozi ya ngoma, ongeza kipande kwa domino. Rangi usiziamini sana. Kwa kawaida bulu ni nyutro, kijani na njano ni tere, na kahawia, nyeusi au nyekundu ndiyo yenye umeme, lakini katika nyumba zetu fundi alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote, urudishe kila kimoja mahali pake. Ukiona waya wa tere haujafungwa popote, ufunge mahali pake. Wengi wanaukata kwa sababu "hata bila huo inawaka". Inawaka, ndiyo.

Kwenye ukuta wa matofali ya udongo zile kucha mbili za prizi hazishiki, zinakwangua tundu na kulipanua. Hapo dawa ni kuweka kisanduku kwa simenti kidogo na kungoja ikauke kabisa, siku moja au mbili, dijonkteri ikiwa chini au waya zikiwa zimefunikwa vizuri na domino. Ni hapo kwenye kungoja ndipo watu wetu hushindwa.

Kuhusu maji nitasema kifupi, ingawa linastahili makala yake. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipofurika, na tena mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za kando ya maji, prizi nyingi zililala ndani ya tope. Watu walirudi, wakafagia, wakaanika prizi juani, wakawasha. Prizi iliyoingia maji ya tope haianikwi. Ndani inabaki na mchanga na kutu, inalegea, inapata joto. Ibadilishe, na ukibadilisha ipandishe juu, zaidi ya alama ile ya maji ambayo bado inaonekana kwenye kuta zenu. Na usiingie katika nyumba yenye maji kabla umeme haujazimwa. Tarehe 2 mwezi wa pili 2022, katika soko la Matadi-Kibala kule Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulianguka mahali penye maji ya mvua, watu 26 wakafa, wengi wakiwa akina mama waliokuja kuuza na kununua. Maji ndiyo yaliyoufikisha umeme kwao.

Na ukimkuta mtu ameshikwa, usimguse. Zima kwanza. Usipoweza, msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, ukiwa umesimama mahali pakavu. Kumpa maziwa au kumfukia miguu mchangani hakusaidii, kunapoteza dakika. Hata akiinuka na kucheka, mpeleke hospitali, moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Nimefika kwenye jambo ambalo litaniletea maadui. Kijana yule wa Kasenga hakupaswa kushika prizi ile hata kidogo. Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe anapokea kodi. Alipokea na garanti. Nilipompata kwa simu akasema wapangaji ndio walioleta watu wengi, kwa hiyo waliochakaza prizi ni wao. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi, na kuna ukweli ndani yake: watu kumi na wanne wanachakaza nyumba kuliko watano. Lakini prizi ile ilikuwa imetoka ukutani kabla ya wahami kufika, mama ana picha ya mwaka jana inayoonyesha hivyo. Waya zilizo ndani ya ukuta ni sehemu ya nyumba kama bati lilivyo sehemu ya nyumba. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 juu ya upangaji wa nyumba za kuishi, na tangu zamani mwenye nyumba anatakiwa kumpa mpangaji nyumba inayofaa kukaliwa na kuiweka hivyo. Mpangaji alipe ampule, alipe fishi aliyovunja. Kisanduku, waya na dijonkteri ni vya mwenye nyumba.

Mpangaji naye asinyamaze miezi sita halafu alalamike redioni. Piga picha, tuma ujumbe wenye tarehe, mwambie chifu wa avenii. Mhami aliyepokewa bure anaogopa kusema, asije akaonekana hana shukrani. Hapo familia inayompokea ndiyo inapaswa kusema kwa niaba yake. Na makanisa na shule zilizolaza watu katika kumbi na madarasa, naomba mpite siku moja na fundi, mguse kila prizi mkiwa mmezima. Tuna shule za ufundi zenye wanafunzi wa elektrisite wanaotafuta mahali pa kujifunzia kazi. Wakija na mwalimu wao, mtaa mmoja wanaweza kuumaliza kwa Jumamosi moja.

Mwenye nyumba wa Kasenga aliniambia nisimtaje, na sijamtaja. Aliniambia pia atatuma fundi "juma hili". Leo ni siku ya tano. Kandambili tumeitoa, prizi tumeifunga kwa skochi ili mtu asiitumie, dijonkteri ya chumba hicho iko chini, na simu za watu kumi na wanne zinachajiwa kwa jirani, kila moja kwa zamu. Wenye nyumba wasiokubaliana nami, kipindi ni Jumatano jioni, mlango uko wazi.